Nyumba ndogo za Mji wa Kale: kilichoharibika, sababu yake na dawa yake

Ninajenga Mji wa Kale wa Mombasa juu ya meza: nyumba za roshani, milango ya nakshi, vichochoro na baraza zake. Kipimo changu ni 1:50, yaani sentimita mbili za meza ni mita moja ya mtaani. Namba zote za hapa chini ni za kipimo hicho. Anayejenga kwa 1:87, kipimo cha wapenzi wa treni ndogo, achukue urefu halisi wa kitu na kuugawanya kwa 87.

Makosa mengi niliyokutana nayo, yangu na ya wenzangu walioniletea nyumba zao zilizovunjika, yana chanzo katika mambo mawili. La kwanza ni hewa yetu. Unyevu wa Mombasa mara nyingi hupita asilimia 70, na maelekezo yaliyoandikwa kwenye chupa za gundi na rangi hayakuandikwa na mtu aliyekaa kando ya bahari wakati wa masika. La pili ni kutoitazama nyumba yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu gundi, jiulize: siku ile hewa ilikuwaje? Na kwenye nyumba ya kweli, kitu hiki kinashikiliwa na nini?

Ukuta umebinuka

Umeukata ukuta wa kadibodi jioni, umeupaka rangi, ukalala. Asubuhi umeukuta umebinuka kama ngozi iliyoanikwa juani. Maji ya rangi yaliingia upande mmoja, upande huo ukavimba, kisha ulipokauka ukajivuta na kuuburuta ule mwingine ambao haukuguswa.

Dawa yake ni kupaka pande zote mbili siku hiyo hiyo, hata ule upande ambao hakuna atakayeuona. Ukuta uliokwisha kubinuka bado unaokoleka: zimua gundi nyeupe ya mbao kwa maji, paka mgongo wake tabaka moja, uweke katikati ya mifuko miwili ya plastiki iliyokatwa, kisha ulaliwe na vitabu vizito siku mbili. Wakati wa masika upe siku tatu. Usiuharakishe kwa kuuanika juani, maana jua litaukausha upande mmoja na utarudi pale pale.

Ikiwa ulipaka pande zote mbili na ukuta bado unajikunja, basi tatizo si rangi. Ukuta wako ni mrefu na hauna kitu cha kuegemea. Hapa nyumba yenyewe ina jibu. Nyumba za mawe za pwani huezekwa sakafu zake kwa boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, na ndani mna kuta nyingi kuliko unavyodhani ukiwa nje. Weka nawe kuta za ndani kila baada ya sentimita tano au sita. Hazitaonekana, hazihitaji kupakwa vizuri, lakini nyumba itasimama imenyooka miaka.

Pembe hazikutani

Hili ni la hesabu tu. Nyumba ya mita 6 kwa 9 ni milimita 120 kwa 180. Ukiwa na kadibodi ya milimita 3, kuta ndefu zikate 180 kamili, lakini zile fupi zikae katikati ya ndefu, hivyo zikate 114, kwa sababu umeondoa unene wa kadibodi mara mbili. Ukikata zote kwa vipimo vya nje, utabaki na mwanya au paa lisilokaa.

Ila usije ukadhani kila pembe isiyo ya digrii 90 ni kosa. Viwanja vya Mji wa Kale vimefuata njia, na njia zimepinda. Chora kwanza umbo la kiwanja kwenye karatasi, kisha simamisha kuta juu ya mchoro, hata kama nyumba inatokea na pembe moja iliyobanwa.

Plasta imepasuka, inabanduka, au inatoa unga mweupe

Hizi ni dalili tatu na zina sababu tatu tofauti, ingawa watu huzitibu kwa dawa moja.

Mipasuko membamba kama utando wa buibui, iliyotapakaa ukuta mzima, inatokana na tabaka nene mno au plasta yenye maji mengi. Jipsamu nachanganya vikombe viwili vya unga kwa kimoja cha maji, na unga ndio unaoingia kwenye maji, si unga kumwagiwa maji. Paka tabaka jembamba, ngoja likauke, rudia.

Plasta inayobanduka vipande vikubwa, huku kadibodi ya chini ikiwa safi kabisa, haikupata pa kushika. Kadibodi kavu inainyonya maji kabla haijakamata. Tangulia na mkono mmoja wa gundi ya mbao iliyozimuliwa, acha ikauke, ndipo upake. Siku hizi kwa kuta za kawaida nimeacha jipsamu kabisa. Natumia rangi ya maji ya nyumba iliyochanganywa na mchanga laini sana, naigonga kwa brashi kuukuu ya nywele fupi badala ya kuivuta. Inapata ule uso wa ukuta wa chokaa uliopakwa na kupakwa tena vizazi na vizazi, wenye mabonde madogo yasiyo na mpangilio.

Na hapo kwenye mchanga ndipo unapotoka unga mweupe. Wengi wetu tunateremka ufukweni, tunachota mchanga mfuko mmoja, tunarudi nao. Mchanga huo una chumvi. Chumvi hiyo inavuta maji kutoka hewani, ukuta unakuwa na mabaka ya unyevu, na hewa ikikauka chumvi inatokeza juu kama ukungu. Uoshe mchanga kwa maji ya bomba mara nne au tano, ukiukoroga na kumwaga, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke kabisa. Halafu uchunge kwa kitambaa chepesi, kwa sababu punje ya milimita moja katika kipimo chetu ni jiwe la sentimita tano, na hakuna fundi aliyepiga plasta ya mawe ya ukubwa huo.

Ukuta ambao tayari umetoa chumvi, usiufunike kwa rangi. Upanguse kwa brashi kavu, uuache mahali penye upepo, upanguse tena baada ya siku chache. Ikiendelea kutoka, bandua uanze upya. Najua inauma.

Roshani imelala

Roshani yangu ya kwanza ilidumu siku kumi na moja. Niliijenga vizuri, kwa subira, nguzo moja moja, nikaibandika kwenye ukuta wa nyumba niliyoinakili kutoka Ndia Kuu. Mvua za Aprili zilipoanza ilishuka upande mmoja taratibu, na asubuhi moja nikaikuta chini, imeanguka kifudifudi juu ya baraza.

Niliirudishia gundi mara tatu. Mara ya nne nikaenda kuitazama ile nyumba ya kweli. Nilikuwa nimesimama chini yake shingo nimeinua, akapita mzee mmoja wa mtaa huo ambaye maisha yake yote alikuwa seremala. Nikamwamkia, akaitika, akaniuliza ninatafuta nini juu. Nilipomweleza, alininyooshea bakora mahali ambapo mbao za sakafu ya roshani zinaingia ukutani. Akaniambia nihesabu. Kisha akanionyesha mikono ya mbao iliyochongwa inayoibeba kutoka chini, jinsi kila mmoja ulivyokaa chini ya boriti yake na si pengine popote. Mikono ile mimi niliijua kuwa pambo. Kwangu niliibandika mahali palipopendeza macho.

Roshani ya kweli haibandikwi ukutani, inatoka ndani ya ukuta. Kwa hiyo:

Toboa ukuta kwa keekee ndogo ya mkono, tundu la milimita moja, kwenye kila mahali panapotoka boriti. Nyoosha klipu ya karatasi, kata vipande vya sentimita mbili na nusu, ingiza nusu yake ndani kabisa mpaka viguse ukuta wa ndani, na nusu itokeze nje. Sakafu ya roshani ilale juu ya pini hizo. Mikono ije chini ya pini. Roshani ya kutokeza mita moja ni sentimita mbili tu, na ikishikiliwa hivi unaweza kuinyanyua nyumba nzima kwa kuishika roshani. Nimejaribu.

Ikiwa roshani haijaanguka lakini inaonekana nzito na ya kibandani, tazama unene wa vijiti vyako. Kijiti cha meno ni milimita mbili, yaani sentimita kumi: kinafaa kuwa nguzo. Kijiti cha mishikaki ni milimita tatu, ambayo ni gogo la sentimita kumi na tano. Ukivitumia kwa zile nguzo nyembamba za ukingo, umejenga zizi la ng'ombe. Kwa ukingo hakuna kitu kizuri kama njiti za ufagio wa chelewa. Ncha yake nyembamba ni milimita moja au pungufu, imenyooka, ngumu, na rangi yake ni ya mbao tayari. Chagua chelewa kavu ya zamani. Chelewa mbichi itasinyaa baada ya kuibandika na utaziona njiti zote zimelegea kwenye matundu yake.

Ukungu mweupe kuzunguka gundi, au juu ya kazi nzima

Ukiwa umetumia supagluu na pembeni mwa kiungo pamefanya ukungu kama pumzi kwenye kioo, ni mvuke wa gundi ulioganda. Supagluu hukamata kwa unyevu, na unyevu ni kitu tusichopungukiwa. Tumia tone dogo, lipeleke kwa ncha ya sindano, na upepo mdogo wa feni uwe unapita ili uuondoe mvuke. Usifunike kazi kwa boksi wakati gundi bado mbichi. Ukungu uliokwisha kaa kwenye mbao unafifia ukiupangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta, lakini fanya hivyo baada ya rangi zote kumalizika, maana juu ya mafuta rangi haitashika.

Ukiwa umepuliza vanishi isiyong'aa na nyumba yote imegeuka maziwa, kosa ni saa uliyopulizia. Unyevu umenaswa ndani ya vanishi. Mimi sipulizi asubuhi mapema wala usiku. Nangoja saa nane mchana hadi saa kumi, siku isiyo na wingu la mvua, na kopo nimelishika kwapani kwanza lipate joto la mwili. Kazi iliyoharibika, iache mpaka siku kavu kisha uipulizie tena vanishi ile ile, ukungu wa mbali tu. Mara nyingi ule weupe huyeyuka na kutoweka. Wakati wa kaskazi kazi hii ni nyepesi, na ninajitahidi nyumba zote zinazosubiri vanishi zimalizike kabla ya Machi.

Kuta za povu zimeliwa

Lile povu jeupe linalofunika televisheni mpya ni zuri kwa miamba ya pwani na kwa ngome. Ila ukilipulizia rangi ya kopo au kuligusa kwa thina, linayeyuka mbele ya macho yako na kubaki na mashimo. Supagluu pia inalila. Lipake kwanza mikono miwili ya rangi ya maji au gundi ya mbao, kila pembe na kila tundu, ndipo rangi ya kopo ipite juu. Palipoliwa tayari pafanye pango la mwamba, au pazibe.

Bati halionekani bati

Paa la mabati limekatwa kipande kimoja kikubwa, na mtu akilitazama anaona kadibodi ya mawimbi ya boksi la biskuti. Kuna makosa mawili hapo. Wimbi la bati la kawaida ni milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo kwetu ni milimita moja na nusu. Kadibodi ya boksi ina mawimbi makubwa mara tatu ya hayo au zaidi. Na bati huja kwa shiti, paa halifunikwi kwa kipande kimoja.

Chukua ile foili nene ya vyombo vya kubebea chakula. Iweke juu ya raba laini, kisha bingirisha juu yake fimbo ya nati ya milimita 10, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hatua ya nyuzi zake ni milimita moja na nusu barabara, kana kwamba ilitengenezwa kwa ajili yetu. Kata shiti za upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa tano, zipande kuanzia chini kwenda juu kama fundi wa paa, kila moja ikilalia ya jirani yake kwa wimbi moja.

Rangi ikibanduka kwenye foili ukiigusa kwa kucha, ni mafuta ya vidole na ya kiwandani. Ioshe kwa sabuni, isugue kidogo kwa msasa laini kabla ya kuikunja, ianze na praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, na usiishike tena kwa vidole vitupu. Kutu usiisambaze sawasawa. Kutu ya pwani huanza kwenye matundu ya misumari na pale shiti zinapolaliana, halafu inateremka na maji. Weka nukta, kisha ivute chini kwa brashi yenye unyevu, na michirizi miwili mitatu iuteremkie ukuta.

Na ujue mji wako ni wa mwaka gani. Bati la mawimbi lilivumbuliwa Uingereza mwaka 1829. Niliwahi kuletewa mandhari ya Ngome ya Yesu wakati inajengwa na Wareno, kati ya 1593 na 1596, na vibanda vya mafundi pembeni vimeezekwa mabati. Kazi ya mikono ilikuwa safi sana. Tulikaa mchana mzima tukibandua mabati na kuweka makuti ya nyuzi za katani, na nilifurahi kuliko mwenye kazi.

Mlango unaonekana kama picha iliyobandikwa

Ni kwa sababu umebandikwa. Kuta za matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita hivi, kwa hiyo mlango unatakiwa ukae ndani ya tundu lenye kina, wala usilingane na uso wa ukuta. Zungushia tundu la mlango kipande cha kadibodi cha upana wa sentimita moja kwa ndani, uupake kama ukuta, kisha mlango ukae ndani yake. Kivuli kitakachoanguka pale kitafanya kazi zaidi ya saa tano za kuchonga.

Mbao zake ni mbili, na katikati husimama mfaa, ule mti wenye nakshi unaofunika mahali mbao zinapokutana. Wengi wanausahau, na mlango wa pwani bila mfaa ni mlango wa kabati. Kwa nakshi za miimo na kizingiti cha juu, usijaribu kuchonga. Omba kwa fundi cherehani vipande vya lesi nyembamba, vibandike kwa gundi ya mbao, paka kahawia iliyoiva, kisha pitisha brashi karibu kavu yenye rangi hafifu juu ya vilima vya lesi. Ikionekana nene mno, umechagua lesi ya mapazia. Tafuta ile ya kanzu za watoto.

Kila kitu kiko sawa, lakini si Mombasa

Hii ndiyo dalili ngumu, na ndiyo ninayoulizwa sana. Hakuna kilichopasuka wala kubinuka, lakini ukitazama unaona mji wowote ule.

Anza na weupe. Rangi nyeupe kutoka kwenye kopo inawaka, kwa sababu nyumba ndogo unaitazama kama nyumba iliyo mbali, na kitu cha mbali rangi yake hufifia. Ipunguze kwa tone la kahawia na tone la manjano. Kisha ifuate tabia ya maji: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, hivyo sehemu ya chini, karibu mita moja, iwe imekolea na yenye mabaka, rangi imechubuka mawe yakachungulia. Chini ya roshani pabaki pasafi, maana mvua haipafiki. Nimeona watu wakipaka uchafu nyumba nzima sawasawa kama waliopaka chai.

Pima njia. Vichochoro vyetu vingine ni vya mita mbili au tatu, yaani sentimita nne hadi sita. Mjenzi akiogopa kwamba watazamaji hawataona milango, anaipanua hadi kumi na mbili, na mji unakufa. Iache iwe nyembamba. Atakayetaka kuuona mlango atainama.

Weka baraza. Nyumba inayotazama njia bila baraza ya kukalia, ya kimo halisi cha sentimita 45 au chini kidogo, yaani milimita 9 hivi mezani, haina mahali pa watu, na hata ukiwaweka watu watasimama kama wamepotea. Kama mji wako ni wa mwanzoni mwa karne ya 20, kumbuka kwamba barabarani mlikuwa na vigari vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba. Reli hiyo peke yake, ikipita mbele ya nyumba mbili tatu, inautaja mji kabla hujaandika jina lake. Ukiujenga Msikiti wa Mandhry, mnara wake upungue kadiri unavyopanda. Ukiufanya bomba lililonyooka utakuwa mnara wa mahali pengine.

Na nenda ukapime. Simama mlangoni upige hodi, ueleze unachofanya, usipige picha za ndani wala za wenyewe bila ruhusa. Beba kijiti cha nusu mita kilichopakwa mistari, kiegemeze ukutani kabla ya kupiga picha, nacho kitakusaidia kupima kila kitu kilichomo pichani ukirudi nyumbani. Sijawahi kufukuzwa. Mara mbili nimekaribishwa kahawa.

Taa zinapenya ukutani

Umewasha taa ndogo ya LED ndani na kuta zote zinang'aa kama fanusi. Paka ndani rangi nyeusi mikono miwili, kisha nyeupe juu yake kwenye chumba kinachoonekana. Taa ikiungua mara moja, hukuweka rezista, kile kidude kinachopunguza mkondo wa umeme: kwa betri ya volti 9 na LED nyeupe moja, omu 330 zinatosha, na kila taa iwe na yake.

Mende wamekula pembe

Ulitumia gundi ya uji wa ngano. Hicho ni chakula. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, ikauke, bandika upya kwa gundi ya mbao, na nyumba usiiweke jikoni.